Kipepeo na Ua la Mwisho: Mashairi Mawili ya Robert Frost

Kipepeo ni mmoja wa viumbe waliotumikishwa mno na washairi. Mataifa mengi yenye fasihi yamempa kazi ambayo mwenyewe hakuiomba. Wayunani wa kale walikuwa na neno moja, psyche, kwa roho na kwa kipepeo pia. Mwanafalsafa wa Kichina, Zhuangzi, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa aliota yu kipepeo, akaamka asijue kama ni yeye aliyemwota kipepeo au ni kipepeo anayemwota yeye. Baada ya hao wamefuata watunzi wasio na idadi, wakamfanya kipepeo mfano wa ujana upitao, wa uzuri usiodumu, na wa mtu asiyeijali kesho. Kiswahili kimemwita kwa kitendo chake cha kupepea. Jina hilo laeleza mwendo wa mbawa zake, lisimsifu wala kumlaumu. Na kwa sababu hiyo lina uadilifu kuliko mifano mingi ya washairi.

Basi swali la kuuliza ni hili: mshairi asimamapo bustanini mwisho wa majira, akamtazama kipepeo juu ya ua lililosalia, je, amemwona kipepeo, au ameiona huzuni yake mwenyewe? Swali hili laweza kupimwa vizuri kwa mashairi mawili ya mtunzi mmoja, Robert Frost wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1874 na kufariki mwaka 1963. Shairi la kwanza ni "My Butterfly", yaani "Kipepeo Wangu", lililochapishwa mwaka 1894. La pili ni "The Tuft of Flowers", yaani "Kishungi cha Maua", lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1906. Yote mawili yana kipepeo, yote mawili yana maua yaliyokufa au yanayokufa, na yote mawili yana mtu mmoja aliye peke yake. Lakini mwenendo wake ni mbalimbali, na tofauti hiyo ina mafunzo kwa ye yote asomaye au atungaye mashairi juu ya viumbe.

Kabla ya kuyafikia mashairi yenyewe yafaa majira yake yaeleweke. Frost aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika New England, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani. Huko, kuanzia mwezi wa Septemba, siku hufupika upesi. Majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Na usiku mmoja wa baridi kali waweza kuyaua maua ya bustani nzima. Yabakiayo ni machache: asta za rangi ya zambarau, na yale maua madogo ya manjano ya jamii ya alizeti yaotayo kwa mafungu kando ya mashamba na nyuta. Mchana, jua likiwa na vuguvugu, vipepeo hukutana juu ya maua hayo kwa kuwa hapana pengine pa kwenda. Bustani huwa na utulivu mkubwa. Ndege wengi wameshahama, na kazi ya kulima imekwisha. Mtu atazamaye hupata nafasi ya kutazama, na hapo ndipo hatari ya kumgeuza kipepeo kuwa kioo inapoanza.

Vitabu vya shule huyaita majira hayo "vuli". Neno hili lahitaji hadhari. Kwa Mswahili wa pwani vuli ni mvua ndogo za Oktoba mpaka Desemba. Ni wakati wa kupanda, wa majani kuchipuka na ardhi kurudiwa na uhai baada ya ukavu. Msomaji aliyezaliwa Tanga au Mombasa akiambiwa kwamba kipepeo amekufa wakati wa vuli, masikio yake husikia jambo la ajabu, kana kwamba mtu amekufa siku ya harusi. Mshairi wa New England hakukusudia ajabu hiyo hata kidogo. Kwake kifo katika majira hayo ni jambo la kutazamiwa. Kwa hiyo mfasiri atumiaye neno "vuli" bila maelezo hulipindua shairi juu chini. Ni afadhali kusema wazi kuwa ni majira ya kupukutika majani, ingawa maneno yawa mengi, kuliko kutumia neno moja lenye mvua ndani yake.

Sasa shairi la kwanza. Frost alikuwa kijana wa miaka ishirini "Kipepeo Wangu" lilipotoka katika gazeti la The Independent la New York, tarehe 8 Novemba 1894. Alilipwa dola 15. Lilikuwa shairi lake la kwanza kununuliwa, na kwa kijana aliyekwisha kuacha chuo bila ya kumaliza hata muhula mmoja, malipo hayo yalikuwa kama hati ya kumruhusu ajihesabu mshairi. Ni shairi la maombolezo. Msemaji anamwambia kipepeo kwamba maua aliyoyapenda yamekufa pia, kwamba hata yule aliyekuwa akimtisha ama amekimbia ama amekufa, na kwamba hakusalia wa kumlilia ila yeye msemaji peke yake. Anakumbuka siku za joto, vipepeo walipokuwa wakirushana na kuzungukana hewani kwa mapenzi. Anasema alidhani majaliwa yamemwumba kipepeo kwa ajili ya kuufurahisha upepo tu, na kumpa mbawa kubwa zisizo na hadhari. Kisha anamwonyesha Mungu akimwachia kipepeo kutoka mkononi kwa upole, halafu akihofu kuwa amekwenda mbali mno, akamnyakua kwa nguvu. Mwishoni anaeleza kwamba ameuokota ubawa uliovunjika, pamoja na majani makavu, chini ya mchirizi wa nyumba.

Lugha ya shairi hili ni ya kikale. Msemaji humwita kipepeo kwa viwakilishi ambavyo Waingereza na Wamarekani wa wakati huo hawakuvitumia tena ila katika sala na mashairi. Kosa hili si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Wako vijana waaminio kuwa utenzi hauwi utenzi mpaka ujazwe maneno ambayo mtunzi mwenyewe huyatafuta katika kamusi. Lugha ya kikale si dhambi. Bali katika shairi hili inafanya kazi ya kuficha. Maneno makubwa yanamzunguka kipepeo hata haonekani. Msomaji hajui ni kipepeo wa aina gani, wala alikuwa juu ya ua gani, wala alikuwa akifanya nini alipokutwa na baridi. Anajua tu kwamba kijana fulani ana huzuni, na kwamba huzuni hiyo imetafuta mdudu wa kuibeba.

Walakini ingekuwa dhuluma kuishia hapo. Mistari ya mwisho ya shairi hilo ni ya namna nyingine kabisa. Ubawa uliovunjika, majani makavu, mchirizi wa nyumba: vitu hivi vitatu havikutoka katika vitabu. Mtu aliinama, akaokota kitu, akakitambua. Hapo sauti ya maombolezo inashuka, maneno yanakuwa mafupi, na msomaji kwa mara ya kwanza anaamini. Yamkini mshairi mkubwa aliyekuja baadaye alizaliwa katika mistari hiyo michache, si katika yote iliyoitangulia.

Shairi la pili lina hadithi nyepesi. Mtu mmoja anakwenda kondeni kugeuza majani yaliyokatwa, yapate kukauka kwa chakula cha mifugo. Aliyeyakata alianza kazi alfajiri kabla umande haujakauka, na sasa amekwisha kwenda zake. Mgeuzaji anamtafuta kwa macho nyuma ya miti, anatega sikio asikie kinoo kikinoa fyekeo, hapati kitu. Anakata shauri moyoni kwamba imempasa kuwa peke yake kama mwenzake alivyokuwa, na kwamba ndivyo ilivyo kwa watu wote, wafanye kazi mahali pamoja au mbalimbali. Wakati huo huo kipepeo anapita kimya, akilitafuta ua ambalo jana alitua juu yake. Anazunguka mahali ambapo ua hilo limelala limenyauka, anakwenda mbali kadiri jicho liwezavyo kumfuata, anarudi tena. Mtu yule anakaribia kuirudia kazi yake, lakini kipepeo anatangulia kugeuka, na kwa kugeuka kwake analiongoza jicho la mtu mpaka kwenye kishungi kirefu cha maua kando ya kijito. Fyekeo lilipita pale likayaacha. Mkata majani hakuyaacha kwa ajili ya mtu ajaye nyuma, wala kwa kutaka kukumbukwa, bali kwa furaha yake mwenyewe ya asubuhi. Toka hapo mgeuzaji anahisi ana mwenzi. Anafanya kazi pamoja naye, anapumzika kivulini pamoja naye, na mwishowe anaitangua ile kauli yake ya kwanza: sasa aona kwamba watu hufanya kazi pamoja hata wakiwa mbalimbali.

Itazamwe kazi ya kipepeo katika shairi hili. Mtu hamwambii neno, wala hamwombolezei. Kipepeo ana haja yake mwenyewe, nayo ni kulitafuta ua. Haja hiyo haimhusu mtu hata kidogo, na kwa sababu haimhusu ndiyo maana inaweza kumfaa. Kama kipepeo angekuwa mfano wa upweke wa mgeuzaji, angemthibitishia upweke huo, akabaki alipokuwa. Kwa kuwa ni kiumbe mwenye safari yake, anamtoa mtu katika mawazo yake na kumfikisha mahali ambapo asingefika. Katika "Kipepeo Wangu" jicho la msemaji linatoka kwake, linamwendea mdudu, linarudi kwake tena halikuleta cho chote kipya. Katika "Kishungi cha Maua" jicho linakwenda likakutana na maua, na nyuma ya maua likamkuta mtu mwingine.

Umbo la shairi linasaidia maana. Limetungwa kwa beti za mistari miwili miwili, ambazo wataalamu wa ushairi wa Kiswahili huziita tathnia, na kila jozi ina kina chake. Mswahili aliyezoea tarbia, ambamo kina cha kituo aghalabu huendelea toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, aweza kuona kuwa vina vibadilikavyo kila baada ya mistari miwili ni udhaifu. Hapa si udhaifu. Mstari wa kwanza wa kila jozi husimama peke yake kwa muda, ukingojea; wa pili huja ukauitikia. Shairi zima linafanya kwa sauti jambo lile lile linalolisema kwa maneno, yaani mmoja ametangulia, mwingine amefuata, na wawili hao wamefanya kazi moja bila ya kuonana. Msomaji huyasikia maafikiano hayo masikioni mwake kabla mgeuzaji majani hajayatambua moyoni.

Lipo jambo moja la chapa ambalo halifai kupitwa. Mashairi haya mawili yote yamo katika A Boy's Will, diwani ya kwanza ya Frost, iliyotolewa London mwaka 1913. Katika chapa hiyo "Kishungi cha Maua" lina jozi moja ambayo chapa za baadaye ziliiacha, ambamo mgeuzaji anakwenda karibu ayajue maua kwa jina, akayatambua kuwa ni mmea ambao Kiingereza huunasibisha na kipepeo. Kitaalamu mmea huo ni Asclepias tuberosa, wenye maua ya rangi ya machungwa. Kwa upande wa ukweli jozi hiyo ilikuwa na thamani, maana viwavi wa baadhi ya vipepeo hula majani ya mimea ya jamii hiyo, na vipepeo wenyewe hunywa utamu wa maua yake. Lakini kwa upande wa shairi, kuiacha kulikuwa sawa. Kisa chaeleza fadhila iliyotendwa bila ya kutajwa jina. Aliyekata hakutajwa, kipepeo hakutajwa aina, na maua yakipewa jina peke yao huvuta macho kuliko haki yao. Tena jina lenyewe, kwa kuwa lina kipepeo ndani yake, linafanya mkutano ule uonekane kama umepangwa. Mtunzi akarudisha bahati mahali pake.

Elimu ya viumbe imesonga mbele sana tangu siku hizo, nayo imeleta kipimo kipya. Yuko kipepeo wa Amerika ya Kaskazini aitwaye mfalme, Danaus plexippus kwa jina la kitaalamu, mwenye mbawa za rangi ya machungwa na mishipa myeusi. Nduguye, Danaus chrysippus, huonekana katika bustani za Afrika Mashariki. Wafalme wazaliwao mwanzo wa majira ya joto huishi majuma machache tu. Bali kizazi kitokacho katika pupa mwishoni mwa majira hayo huishi hata miezi minane. Hakizai mapema kama wazazi wake. Hunywa kwa bidii utamu wa maua ya mwisho, hujiwekea mafuta mwilini, kisha huruka kwenda kusini, wengine zaidi ya kilomita 4,000, mpaka misitu ya milimani katika Mexico ya kati, kiasi cha mita 3,000 juu ya bahari. Wenyeji wa milima ile waliwaona miaka yote. Lakini wanasayansi waliokuwa wakiifuatia safari hiyo hawakuzijua kambi zao mpaka mwaka 1975, na habari ikatangazwa kwa ulimwengu mwaka 1976. Afrika nayo ina mgeni wa namna hiyo: kipepeo Vanessa cardui huondoka Ulaya majira ya kupukutika majani, na kizazi hicho huvuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara kuja kusini.

Maana ya habari hizi kwa mhakiki ni kubwa. Kwa wafalme, yule aonekanaye juu ya asta ya mwisho, ambaye washairi wengi wangemwita mfano wa maisha mafupi, ndiye mwenye umri mrefu kuliko wote wa jinsi yake waliopita bustani ile mwaka huo. Yule aitwaye mvivu yuko katikati ya kazi ngumu kuliko zote atakazozifanya. Kimya cha bustani ni kimya cha mtu afungaye mizigo.

Frost alifariki mwaka 1963, miaka kumi na miwili kabla ya kambi zile kujulikana kwa wanasayansi. Hawezi kulaumiwa kwa kutojua. Isitoshe, si vipepeo wote wanaosafiri. Wengi hufa kwa baridi wakiwa wameacha mayai au pupa, na ubawa uliookotwa chini ya mchirizi wa nyumba ulikuwa ubawa wa kweli. Walakini mashairi mawili haya hayakupata hasara sawa kwa elimu hiyo. Kauli ya kwamba kipepeo ameumbwa kwa furaha ya upepo na mbawa zisizo na hadhari imepungukiwa nguvu. Msomaji wa leo huipokea kama hisia ya kijana, si kama habari ya kiumbe. "Kishungi cha Maua" halikupoteza hata neno. Kipepeo wake alikuwa akitafuta chakula, akarudi mara mbili mahali palipokuwa na ua, akaliona jingine akalifuata. Mtunzi aliandika alichoona, akaacha kusema asichojua, na elimu iliyokuja baadaye ikamkuta salama.

Yuko atakayesema kwamba ushairi si elimu ya wadudu, na kwamba mshairi ana ruhusa ya kumtumia kiumbe apendavyo. Neno hilo lina haki yake. Hapana amlaumuye Zhuangzi kwa ndoto yake, kwa kuwa yeye hakudai kueleza maisha ya kipepeo. Alieleza mashaka ya mtu aamkaye. Lakini mshairi atuambiaye kuwa amemtazama kiumbe amekwisha kutoa ahadi. Akivunja ahadi hiyo, hasara haimwangukii kipepeo. Yamwangukia msomaji, ambaye ameahidiwa kuonyeshwa kitu akaonyeshwa mtunzi. Hasara ya pili humwangukia mtunzi mwenyewe, maana hujinyima yale ambayo kiumbe angempa.

Lawama nyingine hutolewa juu ya shairi la pili: kwamba mwisho wake unataja maadili waziwazi, jambo ambalo wahakiki wengi wa karne hii na iliyopita hawalipendi. Kwa wasomaji wa Kiswahili, waliokulia katika tenzi na mashairi ya mawaidha, lawama hii haina uzito mkubwa. Kinachohitaji kupimwa ni kama funzo limelipiwa au limekopwa, wala si kama limetajwa. Mgeuzaji majani alianza na funzo la upweke, alilolitoa kichwani kabla hajaona kitu. Funzo la mwisho alilipata baada ya kumfuata kipepeo kwa macho, kuliona ua, na kumtambua mtu aliyeliacha. Shairi limeonyesha gharama ya kila hatua. Msomaji akifika mwisho hana deni.

Liko pia jambo la nje ya shairi ambalo lastahili kukumbukwa. Mwaka 1906 Frost alikuwa mfugaji wa kuku katika mji wa Derry, New Hampshire, mwenye watoto na haja ya kazi. Shairi hili lilisomwa mbele ya mkutano wa wanaume wa kanisa moja la mji huo. Yeye mwenyewe aliona haya kusimama mbele ya watu, na mchungaji akalisoma kwa niaba yake. Waliolisikia walipendezwa, na kwa njia hiyo akapata nafasi ya kufundisha katika Pinkerton Academy, alikofundisha mpaka mwaka 1911. Shairi liliokataa upweke likamtoa mtunzi wake katika upweke. Kisa hiki hakiongezi uzuri wa beti hata moja, lakini kinaonyesha kwamba wakulima na wenye maduka wa Derry walilitambua jambo la kweli lililosemwa kwa lugha yao wenyewe. Maneno ya kikale ya mwaka 1894 yasingewafikia.

Katika diwani ya 1913 mtunzi aliliweka "Kishungi cha Maua" mbele, na "Kipepeo Wangu" karibu na mwisho, kati ya mashairi ya majani yanayopukutika. Mwanafunzi anashauriwa ayasome kwa utaratibu wa tarehe, si kwa utaratibu wa kitabu: kwanza ubawa uliookotwa, kisha kipepeo aliye hai. Na akitaka kuyafasiri kwa Kiswahili, aanze kwa kwenda bustanini mvua za masika zinapokoma na kipupwe kuingia, wakati ambapo kwa wakazi wa pwani maua ya mvua huanza kwisha. Akae hapo asubuhi nzima bila ya kuandika neno, amwangalie kipepeo mmoja mpaka ajue analitafuta ua lipi. Hapo ndipo achukue kalamu.